Kazi ya kikundi kwenye wiki: maksi ziende kwa anayehariri

Swali: Nafundisha Utangulizi wa Saikolojia kwa wanafunzi 84 wa mwaka wa kwanza, wote wa ualimu, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kila muhula natoa insha ya kikundi kama sehemu ya kozi waki (maksi za kazi za muhula, kabla ya mtihani), na kila muhula ni yaleyale: mmoja anakesha, wenzake wanaleta majina na namba za usajili. Nimeshauriwa nijaribu wiki. Nitumie programu gani, niipange vipi, na maksi nizigaweje ili asibebwe mtu? Wengi wanatumia simu tu, na bando lao ni la kuungaunga. — Mhadhiri msaidizi, Dar es Salaam

Jibu: Mwalimu, tuanze na neno lenyewe, maana litakusumbua darasani. Ward Cunningham, Mmarekani aliyefungua tovuti ya kwanza ya aina hii mwaka 1995, aliliokota kwenye Kihawaii, ambako "wiki wiki" ni haraka haraka. Kwetu wiki ni siku saba. Ukitangaza "mna kazi ya wiki", nusu ya darasa itaelewa wamepewa mpaka Jumatatu ijayo. Basi humu siku saba nitaziita juma, na wiki itabaki kuwa kurasa za mtandaoni ambazo kila mwanadarasa anaweza kuzifungua, kuzibadilisha na kuzihifadhi, huku mfumo ukitunza kila toleo: nani kabadilisha nini, siku gani, saa ngapi.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Ukiiacha wiki ijiendee, itazaa insha ileile ya kubandika, ila sasa iko kwenye skrini. Kitakachokusaidia ni ile historia ya matoleo, na itasaidia tu kama maksi zinatoka humo.

Tatizo lako ni sehemu ya kozi unayofundisha. Kiswahili kinaliita kutegea. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alipima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Mtu akivuta peke yake tukimhesabu asilimia 100, wakiwa wanne kila mmoja alitoa wastani wa asilimia 77, na wakiwa wanane ilishuka mpaka 49. Sehemu ya upungufu huo ni uratibu tu, kwa kuwa hawavuti kwa sekunde moja. Ila mwaka 1974 Ingham na wenzake waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwaaminisha kwamba kuna wenzao nyuma wanavuta, kumbe hakuna mtu. Nguvu ilipungua vilevile. Kisha mwaka 1981 Williams, Harkins na Latané wakaonyesha dawa kwa majaribio ya kupiga kelele kwa sauti: mtu akijua sauti yake inapimwa peke yake hata akiwa kundini, kutegea kunakwisha.

Kwa darasa lako hiyo ina maana mbili. Vikundi viwe vya watu wanne, siyo wanane kwa kuogopa kusahihisha kazi nyingi. 84 ukigawa kwa 4 unapata vikundi 21. Na kila mmoja aingie kwa akaunti yake, akijua tangu siku ya kwanza kwamba utasoma alichoandika yeye.

Programu

Kama chuo chako kina Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, na vyuo vingi hapa mjini vinayo, anzia hapo. Akaunti zipo, orodha ya darasa ipo, na hakuna wa kumwomba seva. Wiki ni mojawapo ya shughuli zilizomo ndani yake. Ila kuna maamuzi matatu ya kufanya kabla ya kubonyeza kuhifadhi, kwa sababu mawili kati yake hayarudi nyuma.

Kwanza, aina: chagua ya ushirikiano. Ukichagua ya mtu mmoja mmoja kwa bahati mbaya, kila mwanafunzi anapata wiki yake binafsi, na baada ya kuhifadhi mfumo haukuruhusu kubadili. Itabidi uifute uanze upya. Pili, jina la ukurasa wa kwanza nalo likishawekwa halibadiliki, kwa hiyo usiandike "jaribio" ukidhani utalirekebisha jioni. Tatu ni vikundi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ukiweka vikundi vilivyotengwa, kila kikundi kinapata nakala yake ya wiki na hakioni ya wengine. Ukiweka vikundi vinavyoonekana, wanaona za wenzao lakini wanahariri yao tu. Wewe unataka kikundi cha 3 kikasahihishe ukurasa wa kikundi cha 9, kwa hiyo zima mgawanyo wa vikundi kabisa. Wiki iwe moja ya watu wote 84, na kikundi kitambulike kwa ukurasa wake.

Kisha andika mwenyewe, kwenye ukurasa wa kwanza, viungo 21 ndani ya mabano mraba mawilimawili. Kiungo ambacho ukurasa wake haujazaliwa huonekana tofauti na vingine, na anayekibonyeza anauanzisha. Usiwaachie wanafunzi kazi hii. Mmoja ataandika "Utii", mwingine "Utii kwa mamlaka", na juma la tatu utakuwa na kurasa mbili za jambo moja, kila moja nusunusu. Kurasa ambazo hakuna kiungo kinachoelekea kwake hujificha. Zitafute kwenye sehemu ya ramani ya wiki, kwenye orodha ya kurasa yatima.

Moodle ina mapungufu mawili ambayo utayagundua mapema. Haina mahali pa kuandika muhtasari wa badiliko wakati wa kuhifadhi, na wiki yake haitumi maksi kwenye daftari la maksi. La kwanza litibu kwa kutumia sehemu ya maoni ya kila ukurasa. La pili, fungua shughuli ya pembeni ya aina ya kazi ya kukabidhi, isiyopokea faili, kwa ajili ya kuingizia maksi tu.

Kama Moodle hamna, au iko lakini inalala kila mara, chaguo langu ni DokuWiki, programu ya kutengenezea wiki tu. Haihitaji hifadhidata. Inataka seva yenye PHP (lugha ya programu za tovuti) tu, na kila ukurasa ni faili la maandishi matupu, kwa hiyo kuweka akiba ni kunakili folda mbili, data na conf, kwenye flashi. Funga usajili wa wazi, vinginevyo matangazo ya kamari yatajaa kabla ya juma kwisha. Akaunti zote 84 unaziingiza kwa mkupuo mmoja kwa faili la CSV, yaani orodha ya maandishi iliyotenganishwa kwa koma. MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, ni nzuri zaidi kwa mambo mengi, lakini inataka mtu wa kuitunza, na mtu huyo chuoni huwa ana kazi nyingine kumi. Hati ya pamoja ya Google inafaa kuandikia karatasi moja. Kurasa 21 zinazounganishwa na kusahihishana zitakushinda humo. WhatsApp ibaki kwa CR, kiongozi wa darasa, kukumbushia tarehe.

Na Wikipedia yenyewe? Siyo kwa mwaka wa kwanza. Pale kuna masharti ya vyanzo, hasa kwa makala zinazogusa afya, na maandishi ya mwanafunzi huweza kufutwa ndani ya saa chache na mtu asiyemjua. Chama cha Marekani cha sayansi ya saikolojia, APS, kilianzisha mpango wa kuhimiza wanachama na wanafunzi wao kuboresha makala za saikolojia mwaka 2011. Ni kazi nzuri kwa mwaka wa tatu.

Kata mada mpaka iwe swali

"Kumbukumbu" siyo mada ya ukurasa. Ni kichwa cha sura nzima ya kitabu, na anayepewa kichwa cha sura atanakili sura. Mpe swali: je, jinsi polisi anavyouliza inaweza kubadilisha anachokumbuka shahidi? Kwa nini kujipima maswali hukaza kumbukumbu kuliko kurudia kusoma? Uimarishaji hasi unatofautianaje na adhabu? Kwa nini umati hutazama bila kusaidia? Mtoto mchanga humjuaje mlezi wake na mgeni? Kwa swali hilo la mwisho, vitabu vingi huanzia Baltimore, Marekani, kwa mwanasaikolojia Mary Ainsworth na majaribio yake ya mtoto na mlezi. Mwambie mwanafunzi arudi nyuma: Ainsworth alianza kuangalia familia 26 vijijini karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, na kitabu chake kuhusu watoto wachanga wa Uganda kilitoka 1967. Mwalimu mtarajiwa wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua hilo kabla ya kukijua chumba cha majaribio cha Marekani.

Kila ukurasa uwe na sehemu nne, mwenye sehemu mmoja kwa kila mwanakikundi: dai lenyewe kwa maneno ya kawaida, jaribio lililolithibitisha, yaani washiriki wangapi, walifanyishwa nini, matokeo kwa namba, mipaka na pingamizi, na mfano kutoka hapa kwetu. Urefu wa jumla maneno 900 mpaka 1,200. Zaidi ya hapo hakuna atakayesoma wa mwenzake, na usomaji wa kazi ya mwenzako ndio unaozaa uhariri.

Sehemu ya mipaka ndiyo ngumu, mpe aliye imara. Hapo ndipo Henrich, Heine na Norenzayan wanapoingia, na makala yao ya 2010 iliyouliza kama matokeo yaliyopatikana kwa wanafunzi wa vyuo vya nchi tajiri za Magharibi yanaweza kusemwa ni ya binadamu wote. Darasa la Dar es Salaam lina haki zote za kuuliza hivyo hivyo.

Hapa nieleze kwa karibu wiki inavyofanya kazi ikifanya kazi kweli. Chukua ukurasa wa swali la polisi na shahidi, sehemu ya jaribio. Toleo la kwanza la mwanafunzi wa kawaida litakuwa hivi: "Loftus aligundua kwamba kumbukumbu ya binadamu si sahihi." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na haina kitu. Mwenzake wa pili anaifungua na kuandika: "Mwaka 1974 Loftus na Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi 7 za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yanakwenda kasi gani. Swali lilikuwa moja, ila kitenzi kilibadilishwa. Waliosikia magari 'yalipondana' walikadiria wastani wa kilomita 40.8 kwa saa. Waliosikia 'yaligusana' walikadiria 31.8." Wa tatu anagundua kwamba hizo ni maili, siyo kilomita, anarekebisha kuwa takriban kilomita 66 na 51 kwa saa, na kwenye maoni anaandika kwa nini. Wa nne anaongeza jaribio la pili la makala hiyohiyo: watu 150, juma moja baada ya kuona filamu, wanaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Katika kundi la "yalipondana" watu 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi la kitenzi cha kawaida, 7 kati ya 50. Kati ya wale ambao hawakuulizwa kasi kabisa, 6.

Kisha anatokea mtu wa kikundi kingine kabisa na kuuliza kwenye maoni: je, kwa Kiswahili jaribio hili lingefanyikaje? Kiingereza kilikuwa na vitenzi vitano vilivyopangika kwa ukali. Sisi neno "yaligongana" tunalitumia kwa ajali ndogo ya bajaji Manzese na kwa mabasi yaliyoua. Tungeweka "yaliparuzana" upande mmoja na "yalibamizana" upande wa pili? Hayo ndiyo mazungumzo unayoyatafuta, na insha ya kikundi iliyoprintiwa usiku wa manane haiwezi kukupa. Ukifungua historia na maoni unaona watu wanne na mgeni mmoja, kila mmoja na sentensi yake.

Muhula wenyewe

Kwa muhula wa majuma 15, wiki iishi kuanzia juma la 1 mpaka la 11. Yale manne ya mwisho waachie mitihani na akili zao.

Juma la 1 kila mtu aingie na kuandika sentensi moja, hata kama ni salamu. Utashangaa wangapi wamesahau nywila. Juma la 2 fanya zoezi la makosa, na hili usiliruke hata kama muda umebana. Tengeneza kurasa 21 za mazoezi zenye maandishi yaleyale mafupi, ndani yake umepandikiza makosa manne, moja kwa kila mwanakikundi. Kwa mfano: uimarishaji hasi ni aina ya adhabu. Au, katika hatua za ukuaji wa akili za Piaget, mtoto huingia hatua ya matendo halisi akiwa na miaka 2, wakati ni takriban 7. Au, Milgram, kwenye jaribio lake la utii kwa mamlaka, alitumia wanafunzi wa chuo, wakati taarifa yake ya 1963 ni ya wanaume 40 wa kazi mbalimbali, wenye miaka 20 mpaka 50. La nne liwe gumu: Kitty Genovese aliuawa New York mwaka 1964 mbele ya mashahidi 38 walioangalia tu. Hadithi hiyo imo kwenye vitabu vingi, na utafiti wa baadaye uliirudia na kuona haisimami hivyo. Idadi ya walioona kweli tukio ilikuwa ndogo mno na wapo waliochukua hatua. Majaribio ya Darley na Latané ya 1968 kuhusu watu kutosaidia wakiwa wengi yanabaki, hadithi iliyoyazaa ndiyo yenye kasoro. Mwanafunzi aliyefuta sentensi moja ya kitabu kwa ushahidi hatasita kufuta ya rafiki yake.

Kwa sababu hicho ndicho kikwazo chenyewe. Tuna adabu ya kutomsahihisha mtu hadharani, na kama aliyeandika ni dada wa miaka 38 aliyefundisha shule ya msingi miaka kumi kabla ya kuja chuo, kijana wa miaka 20 hatagusa sentensi yake. Ataandika chini yake "kazi nzuri dada". Usijaribu kuhubiri dhidi ya adabu, itumie. Waambie kila mmoja ana zamu ya kuwa msahihishaji, hivyo anayebadilisha anatimiza zamu na hamkosei mtu. Weka sharti kwamba anayefuta aeleze sababu kwenye maoni, na sababu iwe juu ya maandishi. "Hapa chanzo kinasema 26, siyo 62" inamezeka. "Hujasoma vizuri" haimezeki.

Juma la 3 mpaka la 5 kila mmoja aandike sehemu yake. Juma la 6 na la 7 wahariri ndani ya kikundi. La 8 mpaka la 10 kila mtu akahariri kurasa mbili za vikundi vingine ulizompangia wewe; wakijichagulia, wote watakwenda kwenye ukurasa ulio mzuri tayari. La 11 wanafunga.

Tarehe za mwisho zisiwe saa sita usiku. Wote 84 wakiingia saa tano na nusu, ukurasa mmoja hufungwa wakati mtu mwingine anaandika (DokuWiki huufunga kwa dakika 15), umeme ukikatika Mbagala na Kimara kwa pamoja utapokea ujumbe 30 wa WhatsApp, na huna njia ya kumtofautisha mkweli na mwongo. Weka Alhamisi saa kumi jioni, na tarehe ndogondogo nyingi badala ya moja kubwa.

Maksi

Kozi waki ikiwa 40, tenga 10 kwa wiki. Chini ya hapo hawatajali, juu ya hapo utajitafutia rufaa. Gawa hivi: 4 kwa sehemu aliyoandika mwenyewe, 3 kwa uhariri wa kazi za wengine, 1 kwa maoni, 2 kwa ukurasa wote wa kikundi. Nane ni za mtu, mbili ni za kikundi. Mbili zinatosha kumfanya ajali ukurasa mzima bila kumbeba.

Usihesabu idadi ya mabadiliko. Ukitangaza "kila mtu ahariri mara kumi" utapata koma kumi. Badala yake kila mwanafunzi akuletee mabadiliko yake matatu bora: jina la ukurasa, namba ya toleo, na sentensi moja ya kueleza kilichokuwa kibaya. Wewe unafungua historia, unalinganisha toleo hilo na lililotangulia, na rangi zinakuonyesha kilichoongezwa na kilichoondolewa. Dakika 5 kwa mtu zinatosha: 84 ni saa 7. Kurasa 21 kwa dakika 10 ni saa 3 na nusu. Jumla saa 10 na nusu za muhula mzima, na hizo unaweza kuzigawa mara tatu ili upate kumwambia mtu juma la 5 kwamba hajaonekana. Kumwambia juma la 11 ni kumwandalia supu, yaani mtihani wa marudio.

Akaunti kuazimana kupo: "niingizie na yangu, sina bando". Kumbukumbu za Moodle huonyesha anwani ya mtandao ya kila aliyeingia, lakini usihukumu kwa hiyo. Watu mia wa mtandao wa chuo wanaweza kuonekana wana anwani moja. Kinachoumbua ni muda: akaunti nne za kikundi kimoja, kila moja imehifadhi aya iliyokamilika, kwa kupishana dakika mbili mbili. Ukiona hivyo, waite wanne hao dakika tano, kila mmoja aeleze sentensi moja utakayoinyooshea kidole wewe. Hahitajiki mpelelezi.

Njia hiyohiyo ndiyo inayofaa kwa desa, yaani kazi za kunakili kwa wengine, na kwa maandishi ya roboti za akili mnemba. Programu za kukamata maandishi ya mashine zisikutie imani, hukosea pande zote mbili. Historia inasema zaidi: aya ya maneno 400 iliyoingia yote kwa mpigo, safi, haijaguswa tena, yenye marejeo ya makala ambazo ukizitafuta hazipo. Maandishi ya mtu huja kwa vipande na makosa ya vidole. Sharti moja la kuongeza: kila namba kwenye sehemu ya jaribio iambatane na ukurasa wa kitabu au makala ilikotoka, na mwenye sehemu awe na picha ya ukurasa huo kwenye simu yake ukimwomba. Roboti haina kitabu mkononi.

Lugha, simu na siri za watu

Mtihani wao ni wa Kiingereza, kwa hiyo ukurasa uandikwe kwa lugha hiyo. Lakini kila ukurasa ufunguliwe na sentensi tatu za Kiswahili zinazoeleza dai kwa mtu asiyesoma saikolojia, na maoni yawe kwa Kiswahili huru. Sentensi tatu hizo ni kipimo kikali kuliko insha. Aliyenakili ufafanuzi wa uimarishaji hasi ataandika "ni kumfanyia mtu kitu kibaya", kwa sababu neno hasi limemvuta huko. Aliyeelewa ataandika kwamba tabia inaongezeka kwa kuwa kuna kero imeondoka: umeshusha chandarua, mbu wameacha kukuimbia sikioni, kesho unashusha mapema zaidi. Adhabu ingepunguza tabia. Kosa hilo huishi mpaka mwaka wa tatu kwa wasiolazimishwa kulisema kwa lugha ya nyumbani.

Kwa wenye simu: andika kwanza kwenye programu ya kumbukumbu ya simu bila intaneti, kisha ingia, fungua kuhariri sehemu yako tu badala ya ukurasa mzima, bandika, hifadhi. Kunakili kutoka Word huleta takataka za mitindo zisizoonekana zinazovuruga ukurasa, kwa hiyo wabandike maandishi matupu. Picha moja kwa ukurasa, isizidi kilobaiti 200, iwe ya kujichorea au yenye leseni huru. Picha ya kitabu iliyopigwa kwa simu ni nzito, haisomeki, na ina mwenyewe. Majedwali yakatae kabisa. Kwenye skrini ya inchi sita hakuna anayeweza kuyahariri bila kuyavunja.

Jambo moja usilegeze. Ukimwambia mwanafunzi wa saikolojia alete mfano kutoka maisha, ataleta shangazi yake mwenye sonona, au mwenzake wa bwenini. Wiki inatunza kila toleo, kwa hiyo hata ukifuta leo, toleo la jana bado linasomeka na darasa zima. Taarifa za afya ya mtu zinahesabiwa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kataza mifano ya watu halisi kwa mada zote za magonjwa ya akili, hata kwa jina la kubuni, maana kuandika "binti mmoja wa block B" ni kutaja jina. Watumie hali za jumla: kituo cha daladala, foleni ya benki, darasa la watoto 70. Likipenya moja, usitosheke na kulihariri. Lazima uondoe matoleo yote yenye maandishi hayo, na kwenye Moodle kazi hiyo inafanywa na mwalimu mwenye mamlaka ya kusimamia wiki, siyo na mwanafunzi. Jifunze kifungo kilipo kabla hujakihitaji.

Muhula ukiisha, hifadhi nakala na usiifute wiki. Darasa la mwakani watairithi kama desa, hilo halizuiliki. Wape wao ukurasa wa juma la 1 ukiwa tayari umejaa, na sehemu ya kwanza ya kazi yao iwe kutafuta kilichokosewa na waliotangulia. Vikundi 21 vya mwaka huu vitakuwa vimekuachia makosa ya kutosha, na safari hii hutahitaji kuyapandikiza.